Gurudumu Jepesi la Bukuru

Mnakuja na simu zenu, mnavuta picha iwe kubwa ili macho yangu yaone, halafu mnaniuliza, "Mama Zuhura, gurudumu lipi zuri?" Nimechoka na swali hilo, sitawaficha. Nimeulizwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Ujiji nilipokuwa kwa mjomba wangu, baadaye kwenye kibanda changu pale Gungu, na jibu langu halijabadilika. Zuri kwa kwenda wapi? Amekaa nani juu yake, na amefunga nini nyuma? Mkisikia hivyo mnakunja uso kama mtu aliyeomba maji akapewa ndoo akachote mwenyewe.

Kazi nimeiacha. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena, hasa asubuhi. Nashika kikombe cha chai ya moto mpaka vilegee, ndipo naweza kufunga kanga. Kwa hiyo msinitegemee kwa kuwasukia kitu. Ila nyinyi ndio mnaopanda vilima kila Jumamosi na baiskeli zenu za gia, na kuna jambo moja nililikosea ambalo hamtalikuta kwenye simu. Nitalieleza, lakini mnivumilie nifike kwa mwendo wangu.

Kazi hii niliingia kwa sababu ya nywele. Mjomba Sadiki, kaka yake mama, alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa kijana, akawa anatengeneza baiskeli barazani kwake Ujiji. Macho yakaanza kumwishia. Gurudumu la nyuma la zile baiskeli kubwa za zamani lina spoku arobaini, vile vijiti vya chuma mnavyoviona, na kila spoku inapita juu ya mwenzake na chini ya mwingine kwa mpango. Ukikosea moja, zinazofuata zote zinakwenda upogo. Siku moja alinikuta namsuka binamu yangu kwa ajili ya harusi. Akasimama akaangalia vidole vyangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Zuhura, ukimaliza huyo njoo unisukie na mimi." Nikacheka, maana kichwa chake kilikuwa kipara kitupu. Akanipa ringi isiyo na kitu na rundo la spoku.

Gurudumu langu la kwanza lilichukua siku nzima. Nililiona zuri, linang'aa. Mjomba akalifunga kwenye baiskeli yake, akazunguka nalo mtaa mara moja, akarudi, na lilikuwa tayari linayumba huku na huku. Hakunigombeza. Alilitoa, akakaa nalo mapajani, akaanza kuziminya spoku mbili mbili kwa viganja mpaka zikalia.

"Spoku mpya zinadanganya," aliniambia. "Zinajifanya zimekaza kumbe bado hazijakaa. Ziminye hivi, zipige kelele zake hapa hapa barazani, halafu unyooshe upya. Usipozimaliza wewe, zitajimaliza njiani na mtu yuko juu."

Alinifundisha pia kusikiliza. Unagonga spoku kwa spana ndogo, moja baada ya nyingine, ukizunguka. Za upande mmoja zinatakiwa zitoe mlio unaokaribiana. Ile inayotoa sauti ya bati bovu imelegea, na ile inayolia juu sana inafanya kazi ya wenzake, hiyo itakatika wiki ijayo. Macho yake yalipokwisha kabisa, Mjomba alikuwa bado anakataa magurudumu yangu kwa masikio tu.

Lakini fundisho lake kubwa lilihusu kuchagua. "Muulize mteja anakwenda wapi na anabeba nini," alisema. "Akishakujibu, zunguka nyuma uangalie keria yake." Nilimwuliza kwa nini, wakati mteja ameshajibu. Akasema watu hawaendi kwa fundi kusema wanavyoishi. Wanakwenda kusema wanavyotamani kuishi.

Nilimwona mwenyewe mtu wa namna hiyo. Mwalimu mmoja pale Gungu, mrefu, mpole, aliagiza kutoka Dar magurudumu makubwa ya inchi ishirini na tisa. Alikuwa amesoma kwamba gurudumu kubwa linapita juu ya mawe bila kustuka. Hilo ni kweli kabisa, sibishi. Ila baiskeli yake ilitengenezwa kwa ishirini na sita. Tulipojaribu kulipachika la mbele, tairi likagusa foko, ule uma unaolishika, likakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwalimu aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeyavimbisha. Aliyarudisha nyumbani, na nilipopita kwake mwaka uliofuata nilimkuta mkewe ameyatundika uani ananingʼinizia vitunguu.

Basi nisikieni, niseme mara moja nipumzike. Anayezunguka kwenye mchanga wa ufukweni, Ujiji au Kibirizi, anahitaji tairi pana lenye upepo mdogo, maana tairi jembamba lililojaa linachimba mchanga kama jembe. Ringi yake nayo iwe pana, la sivyo tairi litalala pembeni kwenye kona. Anayeshindana, asiyebeba kitu ila chupa ya maji, huyo mpe ringi nyepesi ya alumini na spoku chache. Kila gramu ya kwenye ukingo wa gurudumu ataisikia mapajani akipanda. Wewe unayependa kuteremka kwa kasi kwenye mawe na kurukaruka, chukua ringi ya alumini yenye kuta mbili, na uzito wake uukubali. Lakini mtu anayeteremsha mzigo mlimani ni habari nyingine kabisa. Huyo anahitaji spoku thelathini na sita, nene, na gurudumu dogo kuliko kubwa, maana spoku fupi hazipindiki ovyo. Na ringi ya chuma ya zamani, msiicheke. Inapojikunja unaweza kuinyoosha kwa jiwe na goti, ukafika nyumbani. Ubaya wake ni breki: ikilowa inateleza kama sabuni, kwa hiyo siku ya mvua mtu anashuka na kukokota.

Haya yote nilikuwa nayajua siku ile alipokuja Bukuru. Ndiyo maana naumia.

Bukuru alikuwa mkulima wa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa na migomba. Ni pacha. Kwa Waha, kama mnavyojua, pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, na Butoyi wake alikuwa dada yake, wanaishi ua mmoja. Kila wiki Bukuru aliteremsha mikungu minne ya ndizi, miwili kila upande, mpaka Kibirizi kwa wanawake wa dagaa, kisha akarudi akikokota baiskeli na gunia la dagaa akawauzie majirani. Baiskeli yake ilikuwa ya gia, ya mtumba. Gurudumu lake la nyuma nililisuka mimi: chuma, thelathini na sita, nene. Lilikuwa halijamsumbua hata mara moja, ila yeye lilimkera.

"Mama, hili gurudumu lina uzito wa mtoto," alikuwa akisema kila akija kutia grisi.

"Basi libebe kama mtoto," nilikuwa nikimjibu.

Zilikuwa zimebaki siku mbili Idi ifike. Nimefunga, jua kali, na mbele ya kibanda zimelala baiskeli saba za watu wanaotaka kutembea sikukuu. Bukuru akafika. Juu ya ukuta nilikuwa nimetundika magurudumu mawili mepesi, ringi nyembamba ya alumini, spoku ishirini na nane, yaliyotoka kwenye baiskeli ya mashindano ya kipimo sawa na yake. Alikuwa ameyaona zamani. Safari hii aliyaonyesha kwa kidole kabla hata ya salamu kwisha.

"Nifungie yale."

"Unakwenda nayo wapi?"

"Kutembelea tu, mama."

"Na ndizi?"

"Ndizi siku hizi zinateremka na pikipiki ya jirani. Mimi nimechoka kubeba." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Wale vijana wa mjini, wa Jumamosi, wananipita mlimani kama nimesimama. Wananipungia mkono. Mimi nimezaliwa kwenye ule mlima."

Vijana hao, sijui kama mlikuwa nyinyi au wakubwa zenu. Siwalaumu. Mlipunga mkono kwa wema.

Nilizunguka nyuma ya baiskeli, kwa mazoea tu. Nikaangalia keria. Rangi ilikuwa imekwanguliwa na kamba pande zote mbili, chuma kinang'aa, hakijapata hata kutu. Kwenye pembe kulikuwa na utomvu wa ndizi. Nikaugusa. Ulikuwa bado unanata.

Utomvu wa ndizi haunati wiki nzima. Mtu huyu alikuwa ameteremsha ndizi asubuhi hiyo hiyo.

Na mimi nikanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na kiu. Baiskeli saba zilikuwa zinanisubiri, na kubishana na mtu mzima ni kazi kuliko kufunga gurudumu. Tena uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona siku za grisi. Nikajisemea, nimemwuliza, amejibu, yaliyobaki ni yake. Nikayashusha yale magurudumu, nikayanyoosha vizuri, spoku zote zikalia sawasawa, nikamfungia. Akapanda, akaondoka amesimama juu ya pedali kama kijana wa miaka kumi na saba. Lile gurudumu lake zito likabaki kwangu.

Wiki ya tatu baada ya Idi, asubuhi, akafika mwanamke kibandani, amebeba kichwani kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Alikuwa na uso wa Bukuru. Sikuhitaji kuambiwa.

"Mwakeye, mama," alinisalimu kwa Kiha, kisha akarudia kwa Kiswahili, "shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Alikishusha kile kitu, akafungua kitenge. Lilikuwa gurudumu la nyuma, limejikunja kama namba nane. Niliinama nikalisoma. Spoku tatu za upande wa mnyororo zilikuwa zimekatika kwenye kona zake, pale zinapoingia kwenye kitovu cha gurudumu. Upande huo ndio unaobeba zaidi kwa baiskeli za gia, na mzigo ukizidi huko ndiko zinakoanzia kukatika. Ikikatika moja, jirani yake anabeba za wawili. Zikikatika tatu kwenye mteremko, ringi haina cha kuishikilia.

"Imekuwaje?" niliuliza.

"Njia ya kutoka shambani, kabla hajafika barabara kubwa. Na mikungu minne. Baiskeli imekaa chini ghafla, ndizi zimemwangukia. Paja limevunjika, mama. Yuko hospitali, mguu umefungwa umenyooshwa juu. Sikuja kukugombeza. Nataka kujua kitu kimoja. Nyumbani wanabishana. Wengine wanasema fundi kampa gurudumu bovu. Wengine wanasema ni ujinga wake. Nimekuja unieleze wewe uliyelifunga. Hili gurudumu lilikuwa la kubeba ndizi?"

"Hapana."

"Ulimwambia?"

"Nilimwuliza anakwenda nalo wapi. Akaniambia ni la kutembelea tu. Akasema ndizi zinateremka na pikipiki."

Aliniangalia, akitafuta uongo usoni pangu, na hakuuona, kwa sababu kila neno nililosema lilikuwa la kweli.

"Pikipiki gani?" alisema. "Hakuna pikipiki." Akalifunga tena lile gurudumu kwenye kitenge, akalitwika. "Ahsante, mama. Sasa nimejua."

Nilimwacha aende. Nilirudi kwenye kigoda changu nikaendelea kuziba pancha, na nilifurahi, msishangae, nilifurahi kama mtu aliyeponea. Furaha hiyo ilikaa mpaka jioni. Kesho yake haikuwepo.

Zikapita wiki tano au sita. Mwanamke mmoja wa Kalinzi aliyekuwa akiniletea parachichi alikaa kupumzika kibandani, nikamwuliza habari za Bukuru.

"Ametoka hospitali. Anatembelea magongo," alisema. "Lakini pale uani hapakaliki. Butoyi hamsemeshi ndugu yake ila kwa kumtukana. Eti alimdanganya fundi, akajivunja kwa sifa zake, sasa yeye ndiye analima mashamba mawili na kulisha nyumba mbili. Chakula anamsukumia kwa mguu. Mapacha wale, mama! Walikuwa wakigawana hata muwa mmoja."

Nilimpa mgongo nikajifanya natafuta spana.

Siku mbili baadaye nilifunga kibanda, nikachukua bodaboda mpaka Kalinzi. Njia nzima dereva ananisemesha, simjibu. Kule juu kuna baridi, na nilikuwa nimevaa nguo za Gungu. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Bukuru alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja umenyooka mbele, anachambua punje mbovu zilizo karibu naye tu, maana za mbali hazifikii. Alikuwa amekonda. Aliponiona alijaribu kusimama, nikamzuia.

"Mama, umekuja huku juu kwa ajili yangu?" Kisha akainamisha kichwa. "Nilikudanganya. Nisamehe."

"Mwite dada yako," nilimwambia.

"Hatakuja nikimwita mimi."

Nikamwita mwenyewe. Butoyi alitoka migombani na panga mkononi, amelowa jasho, akanisalimu kwa heshima, akasimama mbali na kiti cha ndugu yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yalinipotea.

"Butoyi, ulikuja kwangu ukaniuliza kama nilimwambia," nilisema. "Nilikujibu nusu. Ni kweli nilimwuliza, na ni kweli alinidanganya. Lakini nilijua kwamba ananidanganya. Niliangalia keria yake. Nilishika utomvu wa ndizi kwa kidole hiki, ukanata. Nilijua ataifunga mikungu, na gurudumu lile nililijua kuliko yeye. Nikanyamaza nikamfungia."

Kuku walikuwa wanaparura pembeni mwa kahawa, na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini?" Bukuru aliuliza. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Nilikuwa nimechoka."

Sasa nilipolisema kwa sauti, pale, mbele ya mguu wake, lilisikika dogo sana.

Butoyi ndiye aliyewaka. "Umechoka?" alisema. "Mimi nimemtukana ndugu yangu mwezi mzima na zaidi! Nimemwita mwongo mbele ya watoto wake. Nimetembea na lile gurudumu kichwani kwenda na kurudi, ukanitazama machoni, ukanirudisha nyumbani nije nimle nyama!" Alitupa panga chini. "Ondoka, mama. Ninakuheshimu kwa umri wako. Ondoka."

"Butoyi," ndugu yake alisema.

"Na wewe nyamaza! Wewe pia ulidanganya."

Niliondoka. Nilitembea mpaka barabara kubwa kwa miguu, maana dereva wa bodaboda alikuwa ameshateremka na abiria mwingine. Sikulia. Niliona kwamba nimefanya lililobidi, na halikunipa raha niliyoitegemea. Mnisikie hapo. Mtu akiwaambia kwamba ukisema ukweli mzigo unatua, muulizeni amesema ukweli gani.

Baada ya hapo nilikaa muda mrefu bila habari yao. Nilisuka magurudumu ya watu, nikawa naangalia keria za wateja mpaka wakaniona mwendawazimu. Mmoja nilimnusa kamba zake. Kijana aliyesema anakwenda chuo tu nilimkatalia ringi nyembamba kwa sababu nilikuta magamba ya samaki kwenye keria. Akaenda kwa fundi mwingine, akanisema vibaya mtaa mzima. Sawa.

Kisha siku moja Butoyi akaja, anakokota baiskeli ile ile. Nyuma hakuna gurudumu. Alikuwa ameinua keria kwa mkono na kuisukuma hivyo kutoka kituo cha magari. Alisalimu, akaiegemeza kwenye nguzo.

"Nisukie," alisema. "Nitateremsha mimi."

"Unajua kupanda?"

"Nimejifunza kwenye uwanja wa shule. Nimeanguka mara nyingi, watoto wamecheka wakachoka."

"Na Bukuru?"

"Mguu umepona mfupi. Kulima analima, kuteremka na mzigo hawezi tena." Alitazama ukutani, yalipokuwa magurudumu yangu. "Najua utaniuliza. Uliza."

Nikamwuliza. Sijawahi kumwuliza mtu kama nilivyomwuliza yule. Mikungu mingapi? Mitatu, siyo minne. Njia ipi, ya shambani au ya kuzunguka? Ya kuzunguka. Kwenye mteremko mkali unakaa juu au unashuka? Nashuka, siyo mjinga. Mvua ikinyesha? Siendi. Kurudi unabeba nini? Dagaa, nakokota. Breki unazishika kwa kukaza moja kwa moja au unaachia? Hilo hakulielewa, nikamwonyesha: kaza, achia, kaza, achia, ringi isipate moto. Mwishoni alikasirika. "Mama, unataka na jina la bibi yangu?" Lakini alijibu yote, na nilipozunguka nyuma kuangalia keria, alinifuata akasimama nami tukaiangalia wawili.

Nilishusha lile gurudumu zito la Bukuru. Nilikuwa nimelitunza. Nililifungua lote, nikatupa spoku za zamani ingawa zilikuwa nzima, maana chuma kilichobeba miaka kinachoka kwa ndani na hakikuambii. Nikasuka upya kwa spoku nene mpya. Niliziminya mbili mbili mpaka viganja vikawaka. Nikanyoosha, nikaminya, nikanyoosha tena. Halafu sikumpa aende. Nilimfungia mawe kwenye keria, sawa na mikungu mitatu, nikamtuma azunguke barabara ya vumbi ya Gungu mara sita. Watu wakatoka madukani kumtazama. Aliporudi nikagonga spoku zote, nne zilikuwa zimelegea. Nikazikaza. Akazunguka tena. Safari ile ilikuwa imelegea moja tu.

Hakusema ahsante, nami sikuingoja. Alisema, "Alhamisi nitateremka. Nitafika Kibirizi."

Alhamisi sikwenda kibandani. Nilikwenda Kibirizi nikakaa kwenye ubao karibu na mahali wanawake wanapoanika dagaa, na spana ya spoku kwenye pindo la kanga. Wakaniuliza namsubiri nani, nikasema mteja. Jua likapanda. Kila kengele ya baiskeli ilinisimamisha. Mgongo ulikuwa unauma, na nilijiambia mara kadhaa kwamba kwa umri wangu ningekuwa nimelala.

Alitokea karibu saa tano. Alikuwa anakokota kwenye mchanga, amejaa vumbi mpaka kope, na mikungu mitatu iko nyuma yake, imesimama kama ilivyofungwa. Aliniona. Hakucheka. Alileta baiskeli mpaka mbele yangu, akasema, "Pima."

Nikapiga magoti mchangani, nikagonga spoku moja moja. Wanawake wa dagaa wakaacha kazi wakatazama, labda walidhani ni uganga. Mbili tu zilitaka robo ya mzunguko. Nikazikaza.

"Nzima," nilisema.

Butoyi alipumua, nikatambua kwamba alikuwa hajapumua tangu Kalinzi. Wanunuzi wakakaribia, wakaanza kubonyeza ndizi. Akainama kufungua kamba, ikamshinda. Akajaribu kwa meno. Nikamsogelea nikajaribu mimi, kwa vidole vyangu hivi vya kazi, vilivyofungua nati zenye kutu za nusu ya mji huu, lakini fundo halikuachia hata kidogo.

"Nani amefunga hivi?" nilimwuliza.

"Bukuru," alisema. "Amekataa nisifunge mimi. Ameamka mapema, amefunga mwenyewe, amesimama kwa gongo moja. Amezungusha kamba mara tatu, halafu akanifuata mpaka mwisho wa shamba anachechemea, ananipigia kelele: kaza, achia, kaza, achia!"

Akaniangalia, na kwanza mdomo wake ukatetemeka, nikafikiri analia. Kumbe ni kicheko. Kilimtoka kikubwa, akakaa chini mchangani kabisa, ameshika lile fundo, nami nikakaa naye kwa sababu magoti yalikuwa yamekwisha. Wanunuzi walituzunguka wakitaka ndizi zao. Ilibidi mama mmoja wa dagaa atuletee kisu.